Namna ya kuchukua sampuli ya mlango wa kizazi isiyorudishwa na maabara

Kazi yangu ni kusoma slaidi za kipimo cha Pap, yaani seli za mlango wa kizazi zilizotandazwa kwenye kioo ili kutafuta dalili za saratani. Karibu kila wiki napigiwa simu na muuguzi au mkunga aliyetoka mafunzoni karibuni: "Mbona sampuli yangu imerudi imeandikwa haifai?" "Nikiona damu niendelee au niache?" "Jeli ya kulainishia ina ubaya gani?" "Slaidi ikikaa hewani dakika mbili tu, si seli ni zilezile?" Ni maswali ya haki, na yanarudi yaleyale. Nimeona niyajibu kwa pamoja, nikikusemesha wewe unayeshika spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, maana ubora wa sampuli huamuliwa ndani ya chumba chako. Ikishanifikia mimi, siwezi kuitengeneza. Naweza kuipaka rangi na kuitazama, basi.

Nakuomba ulichukulie jambo hili kwa uzito. Mama amepanda daladala, amemwacha mtoto kwa jirani, amevua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Ukimwambia arudi kwa kuwa slaidi haikusomeka, huenda asirudi. Namkumbuka mmoja ambaye slaidi yake ya kwanza ilikuwa damu tupu, na ya pili ilikauka hewani. Niliandika mara zote mbili kwamba kipimo kirudiwe. Ya tatu haikuja.

Kinachotafutwa, kwa maneno machache

Sehemu ya nje ya mlango wa kizazi imefunikwa na seli bapa. Njia inayoingia ndani imetandikwa seli za tezi, zile zinazotoa ute. Aina hizi mbili zinapokutana pana eneo la mabadiliko, na ndipo saratani nyingi za mlango wa kizazi huanzia. Sampuli isiyogusa eneo hilo inaweza kuwa safi, nyingi na ya kupendeza, lakini mabadiliko yakabaki pale ulipopapita.

Eneo hili halikai mahali pamoja maisha yote. Kwa msichana, mjamzito au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango mara nyingi liko nje, unaliona kama duara jekundu. Baada ya kukoma hedhi hupanda ndani ya njia, usilione kabisa. Kwa hiyo kabla hujashika kifaa, jiulize: kwa mama huyu, eneo liko wapi?

Kwa mfumo wa Bethesda, ambao maabara nyingi hutumia kuandikia majibu, slaidi ya kawaida inahitaji seli bapa kati ya 8,000 na 12,000 zinazoonekana vizuri. Sampuli ya majimaji, ile ambayo seli huwekwa kwenye kichupa cha maji ya kuhifadhia badala ya kutandazwa, inahitaji zisizopungua 5,000. Zikifunikwa na damu, usaha au uchafu zaidi ya robo tatu ya seli hizo, tunaandika haifai. Tunatafuta pia angalau seli 10 za tezi au za eneo la mabadiliko. Hizo zikikosekana slaidi haikataliwi, ila tunataja kwamba hatukuziona. Ukisoma maneno hayo kwenye majibu yako mara kwa mara, angalia mkono wako.

Anza siku mama anapopangiwa tarehe

Sampuli nyingi mbovu huharibika kabla mama hajafika kliniki, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mwambie kwa mdomo, na kama unaweza mpe kikaratasi:

- Aje akiwa hayumo kwenye hedhi. Siku nzuri ni kati ya siku ya 10 na ya 20, ukihesabu tangu damu ya mwisho ilipoanza.
- Kwa saa 48 kabla asifanye tendo la ndoa, asitie dawa wala krimu ukeni, asitumie tamponi, asijioshe ndani.
- Akiwa amejifungua, asubiri angalau wiki 6. Akifikisha 12 ni bora zaidi, kwani seli za mama aliyetoka kujifungua husumbua kusoma.

Hilo la kujiosha ndani lizungumze waziwazi, maana wengi hawalihesabu kuwa "dawa". Wapo wanaotumia sabuni, limao, shabu au majani ya kubana, na mara nyingi hufanya hivyo asubuhi ileile kwa heshima yako wewe, ili uwakute safi. Ukiuliza, "Mama, umetumia dawa yoyote?" atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli kwa anavyoelewa. Muulize hivi: "Jana au leo umejiosha ndani kwa kitu chochote, hata maji?" Ukimkuta bibi wa miaka sitini, mpe shikamoo yake kwanza na umwombe radhi kabla ya swali hilo. Utapata jibu.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla mama hajapanda kitandani

- Spekulamu za saizi zaidi ya moja, zilizotakaswa, na taa inayomulika hadi ndani
- Glavu, maji ya vuguvugu, pamba au gozi kubwa na koleo lake
- Spatula ya Ayre, ile yenye ncha ndefu upande mmoja, na brashi nyembamba ya njia ya mlango wa kizazi; au brashi ya umbo la ufagio peke yake
- Slaidi safi zenye upande wa kuandikia, na penseli
- Kopo lenye ethanoli ya asilimia 95, limeshafunguliwa, au dawa ya kupuliza ya kuhifadhi seli
- Kama kituo chako kinatumia sampuli ya majimaji, kichupa chake ambacho tarehe haijapita
- Fomu ya maombi

Spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia ngozi haitoshi kuhifadhi seli, na wengi hukosea hapo. Ethanoli nayo hupungua nguvu kopo likikaa wazi, kwa hiyo ukimaliza lifunike, na ubadilishe mara kwa mara. Chombo cha formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama vinavyokatwa kupimwa, kiweke mbali, kisikae hata kwenye sanduku moja na slaidi, kwa sababu mvuke wake hubadilisha jinsi seli zinavyopokea rangi.

Hatua kwa hatua

1. Jaza fomu, kisha andika slaidi. Iwe kabla ya kuchukua sampuli. Tumia penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli na slaidi ikanifikia haina mwenyewe. Andika vitambulisho viwili, jina kamili na namba ya usajili. Siku ya kampeni kina Mariamu wanaweza kuwa watano kwenye foleni moja. Slaidi isiyo na jina sitaisoma, na usinitumie nyingine ukisema "hii nadhani ni ya yule wa pili."

Kwenye fomu, usiruke umri, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ujauzito au kunyonyesha, njia ya uzazi wa mpango (kitanzi kitaje), hali ya VVU, na kama aliwahi kutibiwa mlango wa kizazi au kupigwa mionzi ya nyonga. Siulizi kwa udadisi. Seli za anayenyonyesha na za aliyekoma hedhi ni ndogo zenye kiini kikubwa, na nisipoambiwa naweza kuzishuku bure. Kitanzi na mionzi huzibadilisha pia. Na mwanamke anayeishi na VVU yuko kwenye hatari ya saratani hii mara 6 zaidi ya mwenzake, kwa hiyo slaidi yake naitazama nikilijua hilo.

2. Mweleze, mtulize, mlaze. Mwambie kila unachofanya kabla ya kukifanya. Aliyejikaza hubana misuli, spekulamu haifunguki vizuri, mlango wa kizazi unauona nusu, na nusu usiyoiona ndiyo itakayokosekana kwenye slaidi. Mruhusu akojoe kwanza.

3. Ingiza spekulamu kwa maji ya vuguvugu. Maji hulainisha na kuondoa ubaridi wa chuma. Jeli ikifika kwenye slaidi huonekana kama utando unaozifunika seli, na kwenye baadhi ya mashine za majimaji huziba kichujio. Pale ambapo lazima, kama kwa mama mwenye ukavu na maumivu, paka kidogo tu jeli inayoyeyuka kwenye maji, nje ya midomo ya spekulamu, na isiguse ncha. Mafuta ya mgando usitumie kamwe.

4. Uone mlango wote wa kizazi. Usikubali kuchukua sampuli kwa kukisia. Ukiona nusu, toa spekulamu taratibu, badili saizi, mwambie mama aweke mikono yake chini ya makalio, jaribu tena. Ukishauona, funga kiparafujo na tazama kwa macho yako: rangi, vidonda, uvimbe, kinachotoka damu chenyewe. Andika.

5. Shughulikia ute kwa upole. Ute au usaha ukiwa mwingi, bonyeza gozi kubwa juu yake na uinue. *Usisugue.* Ukisugua unaondoa zile seli unazozitaka na kuanzisha damu. Ute ukiwa mdogo, uache.

6. Sampuli kwanza, siki baadaye. Kama utafanya pia uchunguzi wa kupaka asidi asetiki (siki), ule tunaouita VIA, chukua sampuli ya Pap au ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, kabla ya kupaka chochote. Vituo vyetu vingi hufanya vyote siku moja, na kosa la kupaka siki kwanza nalikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Asidi huzishikamanisha seli na kuzuia rangi.

7. Spatula. Ncha ndefu iingie kwenye tundu la mlango wa kizazi, bega la spatula likae juu ya uso wake. Zungusha duara zima, nyuzi 360, kwa mgandamizo wa kutosha, spatula isiinuke. Wanafunzi wengi huogopa kumuumiza mama, wakapapasa tu, nami napata slaidi yenye seli mia tatu zilizotawanyika kama mbegu kwenye shamba la mawe. Bila kukwangua kidogo, seli hazitoki.

8. Brashi. Ije baada ya spatula, kwa sababu huweza kutoa damu. Ingiza hadi nywele za chini kabisa zibaki zinaonekana nje ya tundu, kisha zungusha robo hadi nusu duara. Usizidishe. Ukizungusha mara tatu nne, damu itafunika kazi yote uliyokwisha kufanya. Kwa mjamzito usiingize brashi hii. Mwenye kitanzi, pisha nyuzi zake kando, usizivute.

Ukitumia brashi ya ufagio badala ya vyote viwili, nywele za katikati ziingie kwenye tundu, za pembeni zilale juu ya uso, kisha zungusha mara 5 kuelekea upande mmoja. Usiende mbele na kurudi nyuma.

9. Tandaza. Spatula ipitishe juu ya slaidi mara moja, kwa mstari mmoja, safu iwe nyembamba na sawa. Brashi iviringishe kama unavyoviringisha chapati, usiisugue, maana seli za tezi hupasuka upesi. Usichore miduara, wala usipite mara tano juu ya palepale. Ukiweza kuona maandishi ya gazeti kupitia kwenye utando huo, unene unafaa.

10. Hifadhi papo hapo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pananiumiza zaidi. Slaidi iingie kwenye ethanoli ndani ya sekunde chache tangu kutandaza. Sekunde, si dakika. Seli ikikauka hewani huvimba, kiini chake hukua na kupoteza mistari ya ndani, na rangi yake hugeuka. Lakini kiini kikubwa ndiyo mojawapo ya alama ninazotafuta za mabadiliko ya awali. Kwa hiyo slaidi iliyokauka inanifanyia ubaya wa namna mbili: seli nzima huonekana mbaya, na seli mbaya hufifia ikapita. Feni inayozunguka juu ya kitanda hufupisha muda huo zaidi, izime unapotandaza.

Ndiyo maana nilisema kopo liwe limefunguliwa. Nimewahi kusimama kwenye chumba ambacho muuguzi hodari, mwenye mkono mzuri kuliko wengi, alitandaza vizuri kabisa kisha akaanza kuhangaika na kifuniko kilichokwama. Ile slaidi ilikauka mbele ya macho yetu.

Kama una slaidi mbili, ya spatula ihifadhi mara moja ndipo uchukue brashi. Una moja tu? Usiitandaze ya spatula ikusubiri. Chukua brashi haraka, tandaza zote mbili kwa pamoja, zamisha. Slaidi ikae kwenye ethanoli angalau dakika 15 hadi 20, kisha unaweza kuitoa ikauke kwa ajili ya safari. Ukitumia dawa ya kupuliza, shika chupa umbali wa sentimita 20 hivi. Karibu mno, upepo unazisukuma seli. Mbali mno, dawa haizifikii seli zote za pembezoni mwa slaidi. Iache ikauke kabisa kabla ya kuifunga kwenye boksi.

Kwa sampuli ya majimaji, fuata maelekezo ya kichupa chenyewe, kwa sababu yanatofautiana. Kwa ThinPrep, gandamiza brashi ya ufagio chini ya kichupa mara 10, ikoroge kwa nguvu, kisha itupe. Kwa SurePath, kichwa cha brashi hubaki ndani ya kichupa. Ukivichanganya viwili hivi, seli nyingi huishia kwenye pipa la taka. Spatula ya mbao usiitumie hapa, hung'ang'ania seli.

11. Toa spekulamu, mshukuru mama, mwambie lini na wapi atapata majibu. Mwambie pia kwamba matone machache ya damu siku hiyo si jambo la kutisha. Chukua namba ya simu inayopatikana kweli.

Kama sampuli ni ya HPV

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza pale kinapopatikana: kuanzia miaka 30 kwa wanawake kwa jumla, na 25 kwa wanaoishi na VVU. Mashine za GeneXpert tulizozizoea kwa kifua kikuu zinaweza kukifanya. Kipimo hiki kinasamehe mengi, maana hakitegemei macho yangu wala utando mwembamba. Lakini kinahitaji seli za mwanamke mwenyewe. Mashine hutafuta kwanza jeni ya binadamu ndani ya sampuli, na isipoiona haitoi jibu. Pamba ya sampuli iliyogusa juujuu tu ikatoka, inarudi patupu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mama anaweza kujichukulia mwenyewe. Mweleze hivi: anawe mikono, achuchumae au aweke mguu mmoja juu ya stuli, aingize kijiti taratibu hadi kwenye alama yake, azungushe kwa sekunde 10 hadi 30 kulingana na kifaa, atoe bila kugusa ncha, aweke kwenye kichupa na kufunga. Akiwa kwenye hedhi asubiri iishe. Sampuli hiyo ya ukeni usinitumie niisome kama Pap. Haikutoka kwenye eneo la mabadiliko. Akikutwa na HPV, ndipo umwite umtazame.

Majibu yamerudi si mazuri: tatizo liko wapi?

*"Seli chache mno."* Mgandamizo mdogo, duara halikukamilika, au hukuona mlango wote. Kwa sampuli ya majimaji, kifaa hakikusuuzwa vya kutosha. Kwa aliyekoma hedhi inaweza kuwa ukavu. Daktari anaweza kumpa krimu ya estrojeni ya ukeni kwa muda kabla ya kurudia.

*"Imefunikwa na damu."* Uliza kama ilikuwa hedhi, au brashi ilizungushwa kupita kiasi, au ilitangulia spatula. Damu inayotoka kwa kugusa tu usiichukulie kuwa kasoro ya sampuli. Ni dalili, iandike kwenye fomu na umfuatilie huyo mama.

*"Imefunikwa na usaha."* Mtibu maambukizi, kisha rudia.

*"Imekauka hewani."* Rudi hatua ya 10. Pima kwa saa: tangu spatula kugusa slaidi hadi kuzama, ni sekunde ngapi? Angalia pia umri wa ethanoli yako.

*"Imetandazwa nene."* Ute haukuondolewa, au ulikuwa na slaidi moja na nyenzo nyingi. Tumia mbili.

*"Seli za eneo la mabadiliko hazikuonekana."* Kwa aliyekoma hedhi ni kawaida kuwa hivyo. Kwa kijana, ncha haikuingia kwenye tundu, au ulikwangua katikati tu ukaacha ukingo wa lile duara jekundu.

*"Slaidi imevunjika" au "haina jina."* Boksi gumu na penseli.

Kurudia kufanyike baada ya miezi 2 hadi 4. Ukikwangua tena wiki ileile seli hazijajijenga. Ikirudi haifai mara ya pili mfululizo, usijaribu ya tatu. Mpe rufaa akatazamwe kwa kolposkopi, kifaa cha kukuza kinachoonyesha mlango wa kizazi kwa karibu.

Na uvimbe, kidonda kinachonuka au damu isiyokoma ukiviona kwa macho yako kwenye hatua ya 4, usisubiri majibu yangu. Uvimbe uliooza hutoa damu na seli zilizokufa, na mara nyingine slaidi yake husomeka haifai au hata haina tatizo. Huyo mama anahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, kwa hiyo andika rufaa siku hiyohiyo kabla hajavaa viatu.